Hundi ya dola 13.86: je, tulipunjwa mara mbili?

*"Mwanasheria, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, niko Minnesota tangu 1996. Juzi nilikuwa nasafisha stoo, nikafungua kasha la CD za zamani, ndani yake nikakuta hundi ya dola 13.86 niliyotumiwa Februari 2004. Ni malipo ya ile kesi ya bei za muziki. Nakumbuka nilijaza fomu, lakini hundi sikuipeleka benki. Nadhani niliiona ni dharau. Miaka ile nilinunua CD mia na ushei, nyingine kwa dola 17 na 18. Kampuni zililipa mamilioni, sisi tukapewa pesa ya chakula cha mchana. Je, hundi hii ina thamani yoyote leo? Mawakili walikula kiasi gani? Na mwezi huu nimepata barua pepe inayosema kuna fidia nyingine ya muziki 'inanisubiri', nibonyeze kiungo. Mke wangu anasema ni matapeli. Halafu mdogo wake ameomba uraia, naye anauliza kama kujiandikisha kwenye fidia hizi kunaweza kumharibia."*

Marahaba, ndugu yangu. Nami nilipata hundi kama hiyo, ya dola 13.86 vilevile. Ilikuja siku moja na bili ya umeme. Nilikuwa mwanafunzi, nikaipeleka benki kwa haya kidogo, maana dada wa dirishani aliitazama mara mbili akatabasamu. Nikatoka na noti zangu, nikaenda moja kwa moja kununua kadi ya simu ya kupiga Tanga. Kadi za wakati ule unazijua: unakwangua, unabonyeza namba ndefu kama treni, mashine inakutajia dakika zako kabla hujasikia "haloo" ya mama. Basi hicho unachokiita dharau nakielewa. Ila nadhani umekielekeza mahali pasipo pake, na nitakuonyesha kwa hesabu.

Nianze na hundi yenyewe, kwa kuwa jibu lake ni fupi: imekufa. Sheria ya hundi inayotumika katika majimbo ya Marekani inasema benki hailazimiki kulipa hundi ya kawaida iliyopita miezi sita. Tena hundi za fidia za aina hii huwa na mstari mdogo unaosema ni batili baada ya siku kadhaa, mara nyingi 90. Igeuze uutafute. Usiipeleke benki "kujaribu bahati", kwa sababu ikirudishwa, baadhi ya benki zitakutoza ada, nawe utakuwa umelipa kwa kudai chako. Unachoweza kufanya ni kutafuta jina lako katika ofisi ya jimbo inayotunza mali zisizodaiwa. Kila jimbo linayo, na kutafuta ni bure. Sikuahidi kwamba hizo dola 13.86 zimelala huko, kwa sababu pesa za hundi zisizochukuliwa huenda njia tofauti kulingana na amri ya hakimu: nyingine hugawiwa tena kwa waliochukua, nyingine hupewa mashirika ya hisani, nyingine huishia jimboni. Lakini ukishafungua ukurasa huo, andika na anwani zako za zamani. Watu wetu huhama sana, na nimeona mtu akikuta amana ya nyumba aliyoisahau tangu enzi za kupanga watu wanne chumba kimoja. Akitokea mtu akataka umlipe ili akutafutie, muage.

Sasa tuje kwenye kiini. Wengi wanaikumbuka kesi hii kama "kampuni zilipandisha bei ya CD, zikakamatwa". Haikuwa hivyo hasa, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini malipo yalikuwa madogo.

Rudi mwanzoni mwa miaka ya 90. Maduka makubwa ya vifaa vya umeme, na yale ya kuuza kila kitu kuanzia sabuni hadi matairi, yaligundua kwamba CD ni chambo kizuri. Unatangaza albamu mpya kwa dola 10 hivi, huenda hupati faida yoyote juu yake, lakini mteja aliyeingia kuifuata anatoka na redio au friji. Maduka ya muziki mtupu hayakuwa na friji ya kuuza. Yalianza kuumia, na yakaenda kulia kwa kampuni za kurekodi.

Kampuni hizo zilikuwa tano: Universal, Sony, Warner, BMG na EMI. Kwa pamoja zilishika kama asilimia 85 ya soko la Marekani. Tangu zamani zilikuwa na desturi ya kuyapa maduka pesa za kusaidia matangazo, na katikati ya miaka ya 90 zilikaza masharti ya pesa hizo. Ukitaka msaada wetu wa matangazo, zikasema, usitangaze CD yetu chini ya bei tuliyoipanga. Hata kwenye tangazo ulilolilipia kwa pesa yako mwenyewe, usitaje bei ya chini ya hiyo. Ukivunja sharti kwa albamu moja tu, tunakukatia msaada wote, wa albamu zote, kwa siku 60 hadi 90.

Hapo pana ujanja. Duka lilikuwa huru kuuza CD kwa dola moja likitaka. Lilichokatazwa ni kusema. Lakini wewe uliyekaa Minneapolis kwenye theluji ya Januari, utajuaje kwamba duka la upande wa pili wa mji linauza kwa dola 10, kama halikukuambia? Na duka nalo litashushaje bei kama mteja hatajua? Punguzo lisilotangazwa halimvuti mtu. Bei zikatulia juu, kila duka likatazamana na jirani yake, vita vya bei vikaisha kimya kimya.

Mei 2000 Tume ya Biashara ya Shirikisho, ile inayosimamia ushindani na haki za walaji, iliingilia kati. Kampuni zote tano zilikubali kuachana na masharti hayo, bila kukiri kosa. Tume ikakadiria kwamba katika miaka mitatu iliyotangulia huenda wanunuzi walilipa hadi dola milioni 480 zaidi ya walivyopaswa. Ila mapatano hayo hayakumrudishia mtu hata senti. Ndipo Agosti mwaka uleule Wanasheria Wakuu wa majimbo wakaenda mahakamani kwa niaba ya wakazi wao, huku mawakili binafsi nao wakiwa wamefungua kesi za kundi, yaani kesi ambazo wachache hushtaki kwa niaba ya wote walioumia. Zote zikakusanywa mbele ya hakimu mmoja, D. Brock Hornby, katika mahakama ya shirikisho ya Portland, ile ya Maine kaskazini kabisa, si ya Oregon. Mbali na kampuni tano, yalishtakiwa maduka matatu ya muziki yenye matawi mengi: Musicland, Trans World na Tower.

Septemba 2002 pande zote zikapatana. Pesa taslimu: dola milioni 67.375. Juu yake, CD zenye thamani ya dola milioni 75.7 za kugawiwa maktaba, shule na mashirika yasiyo ya faida. Aliyestahili ni yeyote aliyenunua muziki madukani, uwe wa CD, kanda au santuri, kuanzia 1995 hadi tarehe 22 Desemba 2000. Risiti haikuhitajika. Ulijaza fomu, ukaapa kwamba unasema kweli, ukamaliza kabla ya tarehe 3 Machi 2003. Uwe ulinunua tatu au mia tatu, mgao ni uleule. Kiwango cha juu kiliwekwa dola 20 kwa mtu. Na kama waliojaza wangekuwa wengi kiasi cha mgao kushuka chini ya dola 5, hakuna mtu ambaye angetumiwa hundi. Pesa zote zingekwenda kwenye shughuli za manufaa ya umma.

Walijaza watu takriban milioni 3.5. Hakimu akaidhinisha Juni 2003, na hundi zikaingia posta Februari 2004.

Sasa ile hesabu niliyokuahidi. Chukua kalamu.

Kati ya 1997 na 1999, kampuni za Marekani zilipeleka sokoni CD zaidi ya bilioni 2.5. Mwaka 1999 peke yake zilikaribia milioni 940. Zigawanye zile dola milioni 480 kwa CD hizo zote, unapata kama senti 19 kwa kila moja. Hii ni hesabu yangu ya juu juu. Si ya mahakama. Aliyenunua kwenye duka ghali la kwenye jumba la maduka aliumia zaidi ya senti 19, na aliyenunua mahali pa rahisi huenda hakuumia kabisa. Lakini inakupa kipimo. Wewe na CD zako mia na ushei, kwa kipimo hicho, ulichomolewa kama dola 20. Hundi yako ilikuwa ya 13.86. Ili mtu apoteze 13.86 kamili, alihitaji kununua CD 70 na zaidi. Mimi nilinunua labda kumi na tano, nyingi za ladha yangu ya ujana ambazo leo siwezi kuzisikiliza mbele ya watoto. Kwa maneno mengine, mimi nilipata zaidi ya nilichopoteza, nawe ulipata pungufu, na tulipewa sawasawa.

Unaona kosa lilipo? Ulikuwa unapima 13.86 dhidi ya dola 18 ulizolipa kwa CD nzima. Kesi haikuwa juu ya dola 18. CD uliipata, na muziki uliusikiliza. Kilichoshindaniwa ni ile nyongeza ndogo juu ya kila moja. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojaa kilikuwa chao: senti chache kwako, mamia ya mamilioni kwao. Ndiyo sababu kesi za aina hii haziwezi kufunguliwa na mtu mmoja mmoja. Nani atamlipa wakili kudai dola 20? Kampuni inalijua hilo kuliko sisi. Sheria ikaruhusu mtu mmoja au wachache wasimame kwa niaba ya wote walioumia vilevile, hakimu akishathibitisha kwamba kweli madai yao yanafanana.

Aliyepunjwa hasa ni yule aliyenunua CD mia kama wewe na hakujaza fomu. Huyo alipata sifuri, na haki yake ya kudai ikaisha palepale na ya kwako.

Mawakili je? Kugawanya hakudanganyi. Dola milioni 67.375 kwa watu milioni 3.5 ni dola 19.25 kila mtu. Mliopokea mlipata 13.86. Hiyo tofauti ya dola tano na kitu ndiyo iliyobeba ada za mawakili, matangazo ya magazetini, tovuti, uhakiki wa fomu, na posta. Posta usiidharau: stempu ya barua mwaka 2004 ilikuwa senti 37, na kwa bei hiyo ya dirishani barua milioni 3.5 ni karibu dola milioni 1.3 kabla hujanunua hata bahasha. Ada ya mawakili wa kundi huamuliwa na hakimu, nao huiomba kwa maandishi ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma na kuyapinga. Kwenye kesi nyingi huwa kati ya robo na theluthi ya fungu, ingawa fungu likiwa kubwa sana asilimia hushuka. Mimi ni wakili, kwa hiyo unaweza kusema natetea ugali wangu. Lakini nikiwa mkweli, katika kesi hii ada siyo iliyonikera.

Kilichonikera ni zile CD za maktaba. Zilikuwa takriban milioni 5.5, zikahesabiwa kuwa na thamani ya dola milioni 75.7. Gawanya mwenyewe: karibu dola 14 kila moja, bei ya dukani kabisa, kwa bidhaa ambayo nyingi zilikuwa zimedoda ghalani. Maktaba zilipofungua maboksi mwaka 2004 zilikuta mambo ya kuchekesha. Ile ya Milwaukee ilipokea nakala zaidi ya 1,200 za CD ileile moja, wimbo wa taifa wa Marekani ulioimbwa na Whitney Houston. Sauti ya marehemu haina mfano, lakini maktaba haihitaji nakala 1,200. Kwa hiyo ukisikia "mapatano ya dola milioni 143", ujue zaidi ya nusu ilikuwa bidhaa iliyopimwa kwa mizani ya mwenye bidhaa.

Swali la haki kabisa la kuuliza ni hili: kama hasara ilikuwa hadi milioni 480, kwa nini walalamikaji walikubali milioni 143 zenye kasoro hiyo? Kwa sababu kesi ingeweza kushindwa. Kumpangia muuza duka bei ya kuuzia lilikuwa kosa la wazi enzi zile. Kumwekea masharti ya matangazo unayomlipia halikuwa kosa la wazi. Mahakama ingelazimika kupima faida na madhara yake, na wataalamu wa uchumi wa kila upande wangebishana miaka. Miaka michache baadaye, 2007, Mahakama Kuu ya Marekani ililegeza hata lile la kwanza. Anayepatana huuza sehemu ya anachodai ili anunue uhakika. Unaweza kuona bei ilikuwa ndogo, nami naona ilikuwa ndogo. Lakini mbadala wake ungeweza kuwa sifuri.

Na isitoshe, linganisha na kwetu. Agosti 2023 mamlaka ya ushindani ya Kenya iliziadhibu kampuni tisa za chuma kwa kupanga bei, faini zikajumlika hadi shilingi milioni 338 na ushei. Ni kazi nzuri. Ila faini ni ya serikali. Aliyejenga nyumba yake Kitengela kwa nondo za bei ya kupangwa hakutumiwa hundi hata ya shilingi mia.

Twende kwenye barua pepe yako, kwani hapo ndipo unapoweza kupoteza pesa ya kweli.

Ile kesi ya CD imefungwa zaidi ya miaka 20. Hakuna fungu lake "linalokusubiri". Kama barua inadai inatoka kwenye kesi hiyo, mke wako amemaliza mjadala. Kama inadai ni kesi mpya, inawezekana ni ya kweli, kwani siku hizi taarifa za mapatano huja kwa barua pepe na nyingine zina sura mbaya kuliko za matapeli. Usibonyeze kiungo. Soma kwanza: taarifa ya kweli hutaja jina la mahakama, namba ya kesi, nani ameshtakiwa, nani anahusika na kwa miaka ipi, tarehe ya mwisho, jinsi ya kujitoa, na jinsi ya kupinga. Chukua jina la kesi na namba, andika mwenyewe kwenye kivinjari, uone kama mahakama hiyo na kesi hiyo vipo. Kumbukumbu za mahakama za shirikisho zinapatikana mtandaoni kwa senti 10 ukurasa, na usipozidisha dola 30 kwa robo mwaka hutozwi kitu. Au pigia simu ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo lako, kitengo cha walaji, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si iliyoandikwa kwenye ile barua pepe.

Msimamizi wa kweli wa malipo hakuombi ada ya kutoa pesa, hakuambii ununue kadi ya zawadi, wala hakupigii kwa haraka haraka ukiwa kazini. Atakuuliza anwani na unavyotaka kulipwa, hundi au njia ya simu. Kwa malipo ya dola kumi na kitu, akikuomba namba yako kamili ya Social Security (ya hifadhi ya jamii) au neno la siri la benki, funga ukurasa.

Ikithibitika ni ya kweli, una njia nne, na ya nne ndiyo wengi huipita bila kujua. Unaweza kujaza fomu upate mgao. Unaweza kujitoa kwa maandishi, ukabaki na haki ya kushtaki mwenyewe. Unaweza kubaki ndani lakini ukamwandikia hakimu kwamba mapatano hayafai, na nimeona barua ya mtu wa kawaida, ya ukurasa mmoja, ikimfanya hakimu aulize maswali. Au unaweza kunyamaza. Kunyamaza kuna gharama: hupati pesa, na bado unafungwa na mapatano kana kwamba ulitia saini. Kwa dola 13 hilo halina uzito. Kwa hiyo kwa malipo madogo ya bei za bidhaa ushauri wangu ni kujaza fomu, dakika tano, basi.

Ila tahadhari moja kuhusu kuponi. Baadhi ya mapatano hayatoi pesa, yanatoa punguzo la kununua tena kwa kampuni ileile iliyokuumiza. Tangu 2005 sheria ya shirikisho inataka ada ya mawakili inayotokana na kuponi ipimwe kwa zile zilizotumika kweli, si zilizochapishwa. Imesaidia, lakini hazijaisha. Ukipewa kuponi ya kitu ambacho usingekinunua, huna ulichopewa.

Shemeji yako mwenye maombi ya uraia, mwambie hivi. Mwanachama wa kundi hajamshtaki mtu kwa jina lake, na wala si shahidi. Fidia hii si msaada wa serikali. Ni pesa yako mwenyewe inayorudi kutoka kampuni binafsi, kwa hiyo haiingii kwenye ile hesabu ya kutegemea misaada ya umma inayowatisha watu wetu. Waliostahili mwaka 2002 waliulizwa walinunua nini, hawakuulizwa wana viza gani, na mwanafunzi kama mimi alijaza bila wasiwasi. Malipo madogo ya kurudishiwa bei ya kitu cha matumizi ya nyumbani kwa kawaida hayahesabiwi pia kuwa kipato cha kukatwa kodi.

Hatari yake iko mahali pengine. Fomu zile zina mstari wa kiapo. Siku hizi kuna vikundi vya WhatsApp vinavyotuma viungo vya "pesa za bure", watu wanajaza kwa bidhaa ambazo hawakuwahi kuzigusa, wengine kwa majina ya watoto wao, wengine kwa majina matatu ya mtu mmoja. Kufanya hivyo ni kusema uongo chini ya kiapo. Kwa raia, huenda fomu itatupwa tu. Kwa mtu ambaye ofisa wa uhamiaji atamuuliza juu ya tabia njema na kama amewahi kudanganya apate kitu, dola 13 za bidhaa ambayo hakuinunua ni ujinga wa bei ghali. Kama tayari amejaza moja ya hizo bila kustahili, asikae kimya na asiulize kundini. Amwone wakili wa uhamiaji ana kwa ana kabla ya mahojiano, na amwambie yote.

Wewe pia kuna wakati wa kunifunga mdomo na kwenda kukaa na wakili. Taarifa ikihusu kuumia mwili, dawa uliyotumia, gari, mshahara usiolipwa kazini, nyumba, au wizi wa taarifa zako uliokugharimu pesa nyingi, usijaze fomu kwa haraka. Hapo unachokiachia kwa kutia saini kinaweza kuwa mara elfu ya unachopewa, na tarehe ya kujitoa huwa inafika kabla ya tarehe ya kudai. Mashirika ya msaada wa sheria hutoa ushauri bure kwa wenye kipato kidogo. Nenda na barua yenyewe, si picha ya nusu yake. Omba mkalimani kama unahitaji. Usimtume mtoto wa shule akutafsirie neno "kuachia madai".

Ile hundi irudishe kwenye kasha lake. Tower, moja ya yale maduka matatu, iliomba ulinzi wa kufilisika Februari ileile ya 2004 hundi zilipokuwa zinatoka, na kufikia mwishoni mwa 2006 maduka yake ya Marekani yalikuwa yanauza hadi rafu za ukutani.